Kutembea Peke Yako South Downs Way kwa Siku Moja ya Kiangazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na Waswahili wanaoishi Uingereza, na jamaa zao wanaokuja kuwatembelea majira ya joto, kila yanapotajwa matembezi ya mashambani. Majibu yanahusu njia moja, South Downs Way iliyoko kusini mwa Uingereza, na hasa kipande chake cha mwisho kutoka kijiji cha Alfriston hadi mji wa Eastbourne ulio ufukweni. Mengi yatakufaa hata ukienda njia nyingine.

South Downs Way ni njia gani?

Ni njia ya mashambani yenye urefu wa kilomita 160 hivi, inayotoka mji wa Winchester na kuishia Eastbourne. Sehemu kubwa yake hupita juu ya mgongo wa vilima vya chaki, yaani mwamba mweupe laini. Ilifunguliwa mwaka 1972, na leo iko ndani ya hifadhi ya taifa ya South Downs iliyoanzishwa mwaka 2010. Ukisikia hifadhi ya taifa usifikirie Mikumi wala Tsavo. Hapa hakuna geti la kulipia wala askari wa wanyamapori, na ndani yake watu wanaishi, wanalima, wanafuga na kuswali makanisani kwao kama kawaida.

Anayetaka kuimaliza yote huchukua wiki moja au zaidi kidogo. Wengi wetu hatuna likizo ya namna hiyo, na hakuna ulazima. Njia imekatwakatwa na vituo vya treni na mabasi, kwa hiyo unaweza kuchagua kipande cha siku moja na jioni ukalala kitandani kwako.

Kwa nini kipande cha Alfriston hadi Eastbourne?

Kwa sababu ndani ya siku moja unapata kijiji cha kale, mto, msitu, majabali meupe na bahari, na unaanzia kituo cha treni na kumalizia kituo cha treni. Kwa mtu anayeenda peke yake kwa mara ya kwanza sioni kipande kizuri kuliko hiki. Mwishoni njia hugawanyika kuwa mbili: wenye farasi na baiskeli hupita bara kupitia kijiji cha Jevington, na waenda kwa miguu hupita pwani. Hapa tunazungumzia ile ya pwani.

Je, ninaruhusiwa kupita katika shamba la mtu?

Ndiyo, na jibu hili nataka ulibebe moyoni kabla hata ya kufunga kamba za viatu. Kwetu, ukikatiza shamba la mtu usiyemjua, utasikia sauti ikiuliza unamtafuta nani, na usipokuwa na jibu la maana utapata taabu. Wengi tumekuja na hofu hiyo huku, ndiyo maana tunaishia bustani za mjini.

Sheria ya Uingereza inatambua njia za umma. Zimechorwa kwenye ramani rasmi za halmashauri, na mwenye ardhi hana uwezo wa kuzifunga kwa utashi wake. Hata zikipita katikati ya ngano yake au kando ya dirisha la jiko lake, wewe unapita. Haki hii haikupatikana kirahisi. Mwaka 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani, walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungiwa watu kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege, na watano kati yao walifungwa jela. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria iliyoanzisha hifadhi za taifa na njia ndefu za matembezi, na mwaka 2000 sheria nyingine ikapanua haki ya kutembea katika nyika na vilima vilivyo wazi.

Haki hiyo haiulizi uraia. Uwe na pasipoti ya Uingereza, viza ya mwanafunzi au umekuja kumwona dada yako kwa wiki tatu, njia ni yako sawasawa na ni ya mzee aliyezaliwa kijijini hapo. Hakuna kibali, hakuna kiingilio, hakuna kiongozi wa lazima. Wajibu wako ni kubaki njiani, kurudi na taka zako, kutosumbua mifugo, na kuacha kila lango ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililoachwa wazi liache.

Nitajuaje kwamba niko njiani?

Tafuta alama ya tunda la mwaloni kwenye nguzo na malango. Hiyo ndiyo alama ya njia kuu za kitaifa. Mshale wa njano ni njia ya miguu tu, na wa buluu ni njia ambayo farasi na baiskeli wanaruhusiwa pia. Ukitembea muda mrefu bila kuona tunda la mwaloni, simama na utazame ramani kabla ya kuendelea.

Ramani ya karatasi inayohusika ni Explorer OL25 ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani. Njia za umma zimechorwa humo kwa kijani. Simu inatosha kwa kipande hiki, lakini pakua ramani kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu mtandao hupotea mabondeni.

Ninafikaje kwa treni?

Panda treni ya Eastbourne kutoka kituo cha London Victoria. Utashuka Berwick, kituo kidogo baada ya Lewes, na huenda ukabadilisha treni hapo Lewes kwa kuwa si zote zinasimama. Angalia sana jina: kuna Berwick-upon-Tweed kule juu kabisa mpakani na Uskoti, safari ya saa nyingi upande mwingine wa nchi. Unayoitaka wewe imeandikwa Berwick (Sussex).

Kuhusu tikiti, nunua ya kwenda na kurudi hadi Eastbourne, kwa sababu Berwick iko kwenye njia hiyohiyo. Kwa kawaida tikiti hizo zinakuruhusu kushuka katikati, isipokuwa zile za bei nafuu zinazokufunga kwenye treni moja tu. Wikiendi angalia ratiba usiku wa kuamkia safari, maana ndizo siku wanazofanya matengenezo ya reli na kuweka mabasi badala ya treni.

Ni kilomita ngapi, na nianze saa ngapi?

Kutoka kituo cha Berwick hadi Alfriston ni kama kilomita 4 kwa vijia vya mashambani, na kutoka hapo hadi Eastbourne ni kama kilomita 17. Jumla ni 21 hivi, pamoja na kupanda na kushuka kunakopita mita 500. Mtu mwenye afya ya kawaida, anayesimama kupumzika na kupiga picha, atatumia saa saba hadi nane.

Ukianza saa tatu asubuhi unafika Eastbourne alasiri bila kukimbizana. Mwishoni mwa Juni huku jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo giza halitakukuta njiani hata ukichelewa sana. Mimi napenda wiki mbili za mwisho za Juni. Shule hazijafungwa, nyasi bado ni mbichi, na maua yamejaa. Baada ya shule kufungwa mwishoni mwa Julai, sehemu za Birling Gap, penye ngazi za kushukia ufukweni, hufurika watu.

Na sala?

Katika siku hizo ndefu adhuhuri huingia muda mfupi baada ya saa saba mchana, alasiri kama saa kumi na moja jioni, na magharibi utakuwa umeshafika nyumbani au uko kwenye treni. Kibla kutoka huku ni kusini mashariki. Ukisimama juu ya majabali, bahari itakuwa mbele yako kwa mkono wa kulia. Beba kitambaa chepesi cha kuswalia na utie udhu kwenye vyoo vya Exceat, mahali pa kupumzikia katikati ya njia, au vya Birling Gap. Sogea pembeni ya njia, mbali na ukingo. Watu watapita kimya.

Kwenda peke yangu si hatari?

Hatari kubwa za njia hii ni jua, upepo, kukosa maji na ukingo wa jabali. Watu si tatizo. Siku ya kiangazi utakutana na wenzako kila baada ya dakika chache, hasa kuanzia Exceat.

Kutembea peke yako kuna faida ambayo kundi halikupi: unakwenda kwa mwendo wako. Unasimama dakika kumi kumsikiliza kipozamataza anayeimba angani bila kutua, na hakuna anayekuvuta mkono twende. Katika maisha ya huku, ya zamu za usiku, simu za nyumbani na watoto, wengi wetu hatupati saa saba za kuwa na akili zetu wenyewe. Naamini kwa dhati kwamba ni tiba, na kwamba ni haki ya mlezi wa wazee au dereva wa basi kama ilivyo ya mtu mwingine yeyote.

Mwachie mtu mmoja ujumbe wenye mambo matatu: unaanzia wapi, unamalizia wapi, na saa ngapi aanze kukutafuta asiposikia kitu. Ukifika, mjulishe.

Mimi ni mwanamke mweusi, na navaa hijabu. Watanitazama?

Wachache watakutazama, na sitakuficha hilo. Mashambani wakazi karibu wote ni wazungu. Lakini desturi ya njiani ni kusalimiana hata na usiowajua, neno moja tu na tabasamu, na ukiwahi wewe kusalimia, mara nyingi ule mtazamo unageuka mazungumzo kuhusu hali ya hewa. Kama unataka kujizoesha na wenzako kabla ya kwenda peke yako, kuna vikundi kama Black Girls Hike, kilichoanzishwa mwaka 2019 na Rhiane Fatinikun, na Muslim Hikers cha Haroon Mota.

Nibebe maji kiasi gani?

Lita mbili, na siku ya joto kali tatu. Usitegemee kukuta kijito juu ya vilima. Chaki hunyonya mvua kama sifongo na kuishusha chini kabisa, kwa hiyo juu hakuna maji yanayotiririka, na tangu Exceat hadi Eastbourne karibu hakuna kivuli. Upepo wa baharini hukudanganya: unahisi ubaridi huku jasho linakauka na kichwa kinaanza kuuma. Kunywa kabla ya kusikia kiu. Mahali pa kununua kinywaji ni Alfriston, Exceat na Birling Gap.

Chakula je?

Chochote kisichoharibika na kisichohitaji sahani. Chapati iliyoviringishiwa mayai inakaa vizuri hadi mchana, tende na karanga zinakupa nguvu mlimani, na kitu chenye chumvi kinasaidia kwa anayetoka jasho sana. Ndizi mbivu zitapondeka begini.

Nivae nini?

Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Si lazima mabuti. Raba zenye meno ya kushika ardhi zinatosha kiangazi, kwa sababu chaki ikiwa kavu ni imara, ila ikilowa huteleza vibaya sana. Kofia inayobana, maana upepo utaipeperusha nyingine. Koti jepesi la mvua hata kama utabiri ni mzuri. Suruali ndefu ni bora kuliko kaptura kwa sababu ya kupe na mimea inayowasha. Mafuta ya jua paka hata kama ngozi yako ni nyeusi, hasa puani, masikioni na shingoni.

Kama huwa unapata mafua na macho kuwasha kwa chavua za nyasi, meza dawa yako asubuhi. Juni ndio mwezi wake.

Njia yenyewe ikoje?

Kutoka kituoni unapita mashambani, unavuka barabara kuu ya A27 kwa uangalifu mkubwa, kisha unafika kanisa dogo la Berwick. Ingia dakika tano. Kuta zake zilichorwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na wachoraji Duncan Grant na Vanessa Bell.

Alfriston ni kijiji cha nyumba za mbao zilizopinda kwa umri. Karibu na kanisa kuna nyumba ya zamani ya kasisi, yenye paa la nyasi, ambayo ndiyo jengo la kwanza kununuliwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na ardhi, mwaka 1896, kwa pauni 10. Hapo unavuka mto Cuckmere kwa daraja la miguu na kuufuata ukingoni kuelekea Litlington. Upande wa pili wa mto, juu mlimani, utaona farasi mweupe aliyechongwa kwenye chaki mwaka 1924.

Baada ya Litlington unapanda, unaingia msitu wa Friston, na kushuka Westdean, nyumba chache zilizofichwa na miti. Kisha zinakuja ngazi ndefu za udongo na mbao ndani ya msitu. Zipande polepole. Ukifika juu kuna ukuta wa mawe wa kuvuka, na ukishauvuka tu, bonde lote la Cuckmere linafunguka mbele yako, mto ukijipinda huku na huku hadi baharini. Kaa chini kwenye nyasi. Mimi huvunja mwendo hapa kuliko mahali pengine popote.

Chini ni Exceat, penye vyoo, chakula na kituo cha wageni. Unavuka barabara ya A259, unafuata bonde, na kuanza kupanda Haven Brow, cha kwanza na kirefu kuliko vyote kati ya vilima vinavyoitwa Seven Sisters, mita 77 juu ya bahari. Sasa ni kupanda na kushuka tu. Jina linasema dada saba, lakini miguu yako itahesabu vilele vinane kabla ya Birling Gap, kwa hiyo usitumie nguvu zote kwenye cha saba. Inama utazame nyasi. Zimefupishwa na kondoo karne kwa karne, na ndani ya kipande kisichozidi kiganja utaona maua madogo ya njano, ya zambarau na majani yenye harufu ya zaatari, na vipepeo vya buluu vikirukaruka.

Birling Gap kuna mkahawa na ngazi za kushukia ufukweni. Ukipanda tena unapita mnara wa taa wa Belle Tout, ambao mwaka 1999 uliinuliwa mzimamzima na kusogezwa mita 17 bara, kwa kuwa jabali lilikuwa linaukaribia. Halafu Beachy Head, mita 162, jabali refu kuliko yote ya chaki ya pwani ya Uingereza, na chini yake majini mnara mwekundu na mweupe uliowashwa mwaka 1902. Kutoka hapo ni mteremko mkali hadi mwisho wa njia, pembeni mwa mji.

Kwa nini mnasisitiza sana kuhusu ukingo wa majabali?

Kwa sababu majabali haya yanaanguka, na ndiyo sababu ni meupe. Bahari hula chini, juu panabaki pamening'inia, kisha kipande kizima kinaporomoka bila onyo na kuacha uso mpya mweupe. Haifanyiki kidogokidogo ukaiona ikija. Unaweza kusimama kwenye nyasi nzuri kabisa kumbe chini yako hakuna kitu.

Kaa angalau mita 5 kutoka ukingoni, na mbali zaidi baada ya mvua kubwa au ukame. Ukiona ufa kwenye nyasi, hata mwembamba, upande wake wa baharini usikanyage. Hakuna uzio sehemu kubwa ya njia. Ukiwaona vijana wamekaa ukingoni wananing'iniza miguu kwa ajili ya picha, usichukulie kwamba ni salama kwa kuwa wao bado wako pale. Na ukiwa ufukweni Birling Gap usikae chini ya jabali, na angalia maji yanapojaa.

Ng'ombe na kupe?

Ng'ombe wenye ndama ndio wa kuheshimu. Usipite kati ya mama na mtoto. Zunguka mbali, tembea taratibu, usikimbie. Kondoo watakukimbia wao. Kupe hukaa kwenye nyasi ndefu na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo jikague ukifika nyumbani, nyuma ya magoti na kiunoni. Ukimkuta, mchomoe kwa kijikoleo ukimshika karibu na ngozi. Ukitokea wekundu unaotanuka kama duara siku au wiki baadaye, nenda kwa daktari.

Nikiumia nimpigie nani?

999 au 112. Ukiwa kwenye majabali au ufukweni omba walinzi wa pwani. Sajili simu yako mapema kwa kutuma neno register kwenda 999, ili mtandao ukiwa dhaifu uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi. Betri ya ziada ibebe daima.

Nimekaa Beachy Head nimepumzika, mtu akaja kuniuliza kama niko salama. Kwa nini?

Kuna kikosi cha kujitolea kinachofanya doria hapo, kwa sababu baadhi ya watu hufika wakiwa wamekata tamaa ya maisha. Mtu aliye peke yake husalimiwa kwa upendo. Mjibu kwa utulivu, na umshukuru. Wewe pia ukimwona mtu anayekutia wasiwasi, msemeshe kwa upole na upige 999. Na kama mzigo ni wako mwenyewe, Samaritans, shirika la kuwasikiliza wenye dhiki, wanapokea simu bure saa zote kwa namba 116 123.

Nikichoka katikati?

Exceat kuna basi namba 12, linalokwenda Eastbourne upande mmoja na Seaford na Brighton upande mwingine. Exceat ndipo mahali pa kuamua. Kama ni baada ya saa kumi jioni na miguu tayari inauma, panda basi. Majabali yapo na wiki ijayo.

Nikishapenda, niende kipande gani kingine?

Southease hadi Berwick. Kituo cha treni cha Southease kiko pembeni kabisa mwa njia. Unapanda mara moja tu, kwa kirefu, kisha unatembea juu ya mgongo wa vilima hadi Firle Beacon, mita 217, bahari ikiwa kuliani na tambarare ya Sussex kushotoni, na unashukia Alfriston. Ni kama kilomita 12 hadi Alfriston, kisha 4 nyingine za kwenda kituo cha Berwick. Maji yabebe yote tangu nyumbani. Juu kule hakuna duka.